Nimepima bakteria wa ukeni wanaoitwa GBS, wale wanaoweza kumpata mtoto akizaliwa, wiki ya 36 ya mimba hapa Mbeya, maabara mbili, huduma tofauti kabisa

Naanza na bei maana najua ndo kitu mtauliza kwanza. Nililipa 40,000 kwenye maabara ya pili, hapo ni kuchukua sampuli, kuotesha (kuwakuza bakteria maabara mpaka waonekane), na kuangalia dawa gani inawaua hao bakteria, risiti nilipewa na hakuna hela nyingine niliyoombwa dirishani wala chumbani. Ni maabara binafsi hapa mjini, ukishuka Kabwe unatembea kama dakika kumi. Jina sitaji, na lile la maabara ya kwanza pia sitaji, kwa sababu zote mbili nina la kulalamika na sina nia ya kumharibia mtu biashara. Nachotaka ni mjamzito mwenzangu akifika dirishani ajue aombe nini, maana mimi kilichonipotezea hela na muda ni hicho tu, kutojua jina la kitu ninachokitafuta.

Kwanini nilikitafuta. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa 2021 mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya mnaijua wenyewe. Alizaliwa vizuri, kilo 3.1, alilia, akanyonya, kila mtu akafurahi. Jioni yake akaanza kukataa ziwa. Usiku nikawa nasikia kila akitoa pumzi anaguna, kale kasauti kadogo ka mtu anayenyanyua mzigo, nikashika miguu ya baridi, nikamwambia mama mkwe, akasema ni hali ya hewa mwanangu ongeza blanketi, tukaongeza. Alfajiri nesi alipopita alimwangalia mara moja tu, akambeba bila kuniambia kitu akaondoka naye mbio. Siku 10 tulikaa wodi ya watoto wachanga, kila siku ampisilini na jenta kwenye kale kamshipa ka mkono, ukihama wanahamia mguuni, ukihama wanahamia kichwani. Dokta akanieleza kwamba ni maambukizi yameingia kwenye damu, na kwa mtoto wa siku moja mara nyingi bakteria anakuwa amewapata njiani wakati anazaliwa. Damu yake haikuoteshwa kwahiyo bakteria gani mpaka leo hatujui. Mtoto alipona, saivi anakimbia na anasoma chekechea, namshukuru Mungu kila siku, ila lile neno "njiani" halijawahi kunitoka kichwani. Njiani ni kwangu. Yani mimi nilikuwa nao na hakuna aliyeangalia.

Basi mimba hii ya pili nilivyoanza kliniki nikauliza. Kliniki wanapima vitu vingi na bure, virusi vya ukimwi, kaswende, wingi wa damu, mkojo, presha, malaria, siwezi kuwalaumu. Nesi wa pale alikuwa mkweli, akasema mama hicho unachosema hapa kwetu hatuna, nenda maabara za nje uulize kipimo cha ukeni. Nikaenda. Wiki ya 30.

Hiyo maabara ya kwanza ina jengo zuri, vigae, televisheni, maji ya kunywa ya baridi na ya moto. Nikasema nataka kupima bakteria ukeni. Basi, nikalazwa, kikaingizwa kile chuma cha kupanulia, cha baridi hasa, akachukua pamba moja kutoka juu kabisa karibu na mlango wa kizazi, akapaka kwenye kioo, nikaambiwa nisubiri. Nusu saa majibu tayari: chembe za usaha nyingi, fangasi wapo, na UTI. UTI wakati mkojo sijatoa! Nikapewa mfuko wa dawa wa 62,000, ndani kuna vidonge vya fangasi vya kumeza, azuma (antibayotiki), na sindano za siku tano. Nikamuuliza yule kaka, na wale bakteria wanaompata mtoto njiani je? Akanijibu huku anaandika, "Dada hizi dawa zinaua wote." Nilitaka nimwamini. Nilikuwa nimechoka na ukweli ni kwamba jibu kama hilo ndo unalotaka kulisikia ukiwa na tumbo la miezi saba.

Kilichoniokoa ni kwamba nina rafiki yangu tumesoma wote, ni nesi wodi ya wazazi huko Iringa, nikampigia nikiwa bado nimesimama nje ya duka la dawa. Akaniambia usimeze kitu, nisikilize kwanza. Akanieleza taratibu, na nawaandikia kama alivyonieleza maana ndo elimu iliyonisaidia.

Yule bakteria nayemtafuta anaitwa streptokokasi wa kundi B, kwenye karatasi za maabara wanaandika GBS. Anaishi tumboni kwenye utumbo, na kwa wanawake wengi anashuka mpaka ukeni, anakaa pale kimya. Huwashwi, hutoi harufu, hutoi uchafu, kwahiyo hata ungejichunguza vipi hutamjua. Siyo ugonjwa wa zinaa na mume hatibiwi. Tena anakuja na kuondoka, mwezi huu unaye, mwezi ujao huna. Na siyo mgeni kwetu, kuna utafiti wa Muhimbili pale Dar uliochapishwa 2009, wajawazito waliopimwa, karibu 23 katika kila 100 walikuwa naye. Marekani wenyewe wanasema karibu mmoja kati ya wanne. Kwahiyo hapo kwenye benchi la kliniki mkikaa kumi, wawili au watatu wanaye na wanakula karanga zao hawana habari.

Kwa mama hana shida kubwa, mara chache anasababisha UTI ya kweli au homa baada ya kujifungua. Shida ni mtoto. Bila kufanya kitu, kama nusu ya watoto wa akina mama wenye huyu bakteria wanatoka naye mwilini, na katika watoto 100 wa akina mama hao, mmoja au wawili ndo wanaumwa. Ni wachache, nakubali. Ila huyo mmoja anaumwa vibaya na anaumwa haraka, wengi ndani ya siku ya kwanza au ya pili: damu, mapafu, wengine mpaka utando wa ubongo. Mi nimeshakaa siku 10 na mtoto aliyeugua namna hiyo, hizo hesabu za mmoja kwa mia hazinipi usingizi.

Afu akanionesha makosa ya kile kipimo. La kwanza muda. Kipimo hiki kinafanywa wiki ya 36 mpaka 37 na kidogo, kwa sababu majibu yanaaminika kama wiki 5 tu, ukipima wiki ya 30 unajifungua majibu yameshachacha. La pili mahali. Huyu bakteria hachukuliwi juu kule kwenye mlango wa kizazi, anachukuliwa chini pale mwanzo wa uke na kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu nyumbani kwake ni utumbo, ukipima ukeni peke yake unawakosa wengi. La tatu, kuangalia kwenye kioo kwa nusu saa hakumwoneshi, lazima aoteshwe, na kuotesha ni siku mbili tatu. La nne, dawa za kumeza saivi hazisaidii, utamuua leo na kabla hujafika leba karudi kutoka tumboni. Dawa yake inatolewa kwenye mshipa leba ikishaanza au chupa ikishapasuka, penisilini au ampisilini, na inatakiwa ipite angalau saa 4 kabla mtoto hajatoka ndo inamkinga vizuri.

Na vile vidonge vya fangasi vya kumeza akasema mjamzito hapewi hivyo kirahisi, kama unawashwa kweli na una uchafu kama maziwa mgando kuna klotrimazo ya kuweka ukeni siku 7. Mimi hata kuwashwa sikuwa nawashwa. Nikarudisha dawa, wakakataa kunirudishia hela ya kipimo, sawa, nikaondoka.

Sasa ya pili. Nilikaa mpaka wiki ya 36 na siku mbili, Alhamisi, nikapanda bajaji kutoka Ilomba. Safari hii nilikuwa nimeandika kwenye simu maneno ya kusema, nikamwonesha binti wa mapokezi: nataka kuoteshewa GBS, ukeni chini na njia ya haja kubwa. Akaelewa mara moja, hakuniuliza cheti cha daktari, akaandika. Ila hapa ndo lalamiko langu la kwanza. Zamu yangu ilipofika alisimama mlangoni akaita kwa sauti, "Mama wa kipimo cha ukeni na nyuma, karibu!" Ukumbi una watu kama kumi na tano, kuna baba watu wazima, kuna kijana aliyemleta mama yake kupima sukari. Nilitamani kurudi nyumbani. Jamani tuna majina, na siku hizi kila sehemu ina namba. Kuna mtu atakuja pale mara moja, ataitwa hivo, na hatarudi tena maishani.

Chumbani ilikuwa kinyume kabisa. Mtaalamu ni dada wa makamo, akafunga mlango, akavuta pazia, akatandika karatasi mpya kitandani nikiwa naona, akanawa, akavaa glavu, na kabla hajanigusa akanionesha kifaa chenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kile chuma. Kumbe hakuna chuma. Ni kijiti chembamba tu kina pamba nchani, kimekaa kwenye kifuko chake kimezibwa, na kichupa kirefu chenye kitu kama jeli nyeusi chini. Akasema, "Ukitaka utajichukulia mwenyewe mama, nikuelekeze, wengi wanapenda hivo." Nikamwambia achukue yeye, na tumbo lile nisingefika. Kwanza ukeni, pale mwanzo tu, kama urefu wa ukucha wa kidole gumba, akazungusha. Afu kijiti hicho hicho nyuma, kinapita kidogo tu pale misuli inapobana, akazungusha, basi. Nimehesabu, haikufika hata dakika. Maumivu hakuna, ni aibu tu, na aibu yenyewe aliimaliza kwa kuongea na mimi habari za bei ya viazi. Utaratibu ni mbele kwanza ndo nyuma, ukijichukulia mwenyewe usigeuze.

Akakitumbukiza kile kijiti kwenye jeli, akakata mpini, akafunga, akaandika jina langu, wiki za mimba na saa palepale mbele yangu. Afu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alishawahi kuniuliza: "Ulishawahi kuchomwa penisilini au kumeza amoksilini ukavimba midomo, ukatoka vipele au kubanwa pumzi?" Nikasema hapana. Akasema anauliza kwa sababu mtu mwenye aleji wanampimia na dawa nyingine mbadala mapema, ili siku ya leba manesi wasianze kubahatisha. Hapo nikajua nimefika pazuri.

Nikamuuliza na ile harufu ya samaki ambayo mdogo wangu analalamika nayo. Akasema hicho ni kitu kingine, ni bakteria wabaya wamezidi wazuri, hao wanaangaliwa kwa kioo na kwa kikaratasi cha kupima asidi, na dawa yake ni metronidazo hata kwa mjamzito, ila aandikiwe. Akaongeza kwamba wengi wanaletewa tatizo hilo na kujiosha ndani kwa sabuni na kujikausha na shabu, ndani kule kuna bakteria walinzi wanatengeneza asidi, ukiwaosha umefungulia mlango wengine. Nasema hili kwa sauti maana huku kwetu mama mkwe, shangazi, jirani, kila mmoja ana majani yake ya kuchemsha ukikaribia kujifungua, "ili njia iwe safi." Nawaheshimu wote lakini maji ya nje yanatosha.

Majibu niliahidiwa siku tatu. Alhamisi, nikahesabu Jumapili, nikasema niwape mpaka Jumatatu. Jumatatu nikaenda, mvua, bajaji 3,000 kwenda na kurudi, nikaambiwa bado. Kumbe Jumapili hakuna mtu wa kusoma vile visahani wanavyooteshea bakteria, kwahiyo sampuli ya Alhamisi inasomwa kwa kuchelewa. Hiki ni kitu cha kuniambia siku nalipa, au kunitumia meseji, namba yangu waliichukua ya nini? Mjamzito wa wiki 37 kila siku moja ina maana. Lalamiko la pili hilo.

Jumanne nikaenda tena na baba watoto. Walituomba radhi, kijana wa maabara akatuita dirishani kwake akatuonesha kwenye simu picha ya kisahani chetu. Sijawahi kuona kitu kile. Kisahani kina kitu chekundu kilichoganda kama damu, na kweli ni damu, akasema wanachanganya damu ya kondoo, na juu yake vidoti vidogo vya kijivu vinang'aa kama chembe za mchele zilizovunjika, na kuzunguka kila kidoti kuna kaduara kembamba kamepauka, ule wekundu umeliwa. Akasema hao wanakula damu ndo maana wanaacha ile pete. Nilivyoiona ile pete moyo ulishuka, nikamkumbuka mtoto wangu na kale kaguno kake.

Na hapo ndo lilitokea jambo ambalo nahofia linavunja nyumba nyingi. Baba watoto alinyamaza muda, afu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa hawa umewatoa wapi?" Mnaelewa alichokuwa anauliza. Nilishindwa kujibu. Yule kijana alisikia, na Mungu ambariki, akaacha kazi akatoka nje ya dirisha akakaa na sisi kwenye benchi. Akamwambia, "Kaka, huyu bakteria ni wa tumboni. Hata wewe tukikupima nyuma tunaweza kumkuta. Mama hajafanya kitu na wewe hujafanya kitu." Akarudia mara mbili, akamweleza kuhusu dripu ya leba, akamwambia kazi yako wewe ni usafiri, siku uchungu ukianza mama asikae nyumbani, afike mapema zile saa 4 zipatikane. Baba watoto akabadilika uso. Tangu siku ile yeye ndo alikuwa anahesabu. Dakika kumi za yule kijana kwangu zina thamani kuliko jengo lote la vigae la kule kwa kwanza, na ningeomba wamiliki wa maabara waelewe kwamba majibu kama haya hayatolewi kwa kusukumiwa karatasi dirishani.

Karatasi yenyewe ndo lalamiko la tatu, ni kizungu kitupu, mistari ya majina ya dawa na herufi S na R. Kama siyo maelezo ya mdomo nisingejua S maana yake dawa inamuua na R inamshindwa. Kipande cha Kiswahili chini, mistari mitatu, kingewagharimu nini?

Sasa sikilizeni hapa wajawazito. Karatasi ile ukiiweka kwenye droo nyumbani ni sawa na hujapima. Leba utafika usiku, unalia, hukumbuki hata tarehe. Mi siku ya pili yake niliipeleka kliniki, nikamwomba nesi aandike kwenye kadi ya kliniki. Akaisoma, akachukua peni nyekundu, akaandika juu kabisa ya kadi, GBS ipo, apewe ampisilini leba ikianza, hana aleji, na tarehe. Karatasi yenyewe akaibana kwa pini nyuma. Nikaipiga picha nikamtumia baba watoto na mdogo wangu.

Katikati ya hapo nilipata ushauri wa kila aina. Duka la dawa moja wakataka kuniuzia dozi ya "kusafisha kabisa kabla ya kuzaa." Nikakataa. Ila mtu asinielewe vibaya, kama GBS ameonekana kwa wingi kwenye mkojo wako, hiyo ni UTI inatibiwa palepale na dripu ya leba bado utapewa. Na kama umepangiwa upasuaji, ukapasuliwa kabla uchungu haujaanza na chupa haijapasuka, dripu hii ya GBS huhitaji, ila pima tu kwa sababu uchungu hauna kalenda.

Chupa yangu ilipasuka saa 3 usiku, wiki ya 39, nikiwa naosha vyombo. Baba watoto alikuwa ameshaongea na mtu wa bajaji tangu mwezi uliopita, saa 4 kasoro tuko hospitali. Nesi wa zamu alikuwa mama mtu mzima, nikampa kadi, nikamwonesha wino mwekundu kabla hata ya kusalimia vizuri. Akasoma, akaniangalia, akasema, "Umefanya vizuri mwanangu." Saa 4 na dakika 20 ampisilini gramu 2 ikaingia, saa 8 na dakika 20 usiku gramu 1 nyingine, saa 10 na dakika 40 alfajiri mtoto akatoka, wa kike, kilo 3.3. Zaidi ya saa 6 tangu dozi ya kwanza. Nilimwambia nesi habari ya mtoto wa kwanza, wakakaa na sisi siku mbili wakimpima joto na kuhesabu pumzi. Mi mwenyewe usiku wa kwanza sikulala, nilikuwa naweka sikio puani kwake nasikiliza. Anapumua tu kimya, hamna kuguna. Akaamka saa 11 alfajiri anatafuta ziwa kwa fujo, nililia mpaka mama wa kitanda cha jirani akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza, nikamwambia ndaga fijo tu, hata sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Kitu kimoja rafiki yangu alinionya na nakiweka hapa: dripu inakinga ule ugonjwa wa wiki ya kwanza. Kuna mwingine wa kuchelewa, baada ya siku 7 mpaka karibu miezi mitatu, huo dripu haiuzuii. Kwahiyo hata ukipewa dawa zote, mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akiwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, akiguna au kupumua haraka, ni hospitali saa ileile, siyo blanketi.

Najua kuna watakaosema mbona Uingereza hawampimi kila mama. Ni kweli, wao wanaangalia dalili za hatari, kama uchungu kabla ya miezi kutimia, homa ukiwa leba, au mtoto wa nyuma aliyeugua GBS, huyo mama anapewa dawa hata bila kipimo. Marekani tangu 2002 wanampima kila mjamzito, na tangu waanze kutoa hizi dawa za leba miaka ya 1990 ule ugonjwa wa wiki ya kwanza umeshuka kutoka karibu watoto 1.8 kwa kila 1,000 mpaka kama 0.2. Wataalamu wabishane, wana hoja zao. Mimi ningekuwa najua jina la hiki kipimo 2021 ningekilipia hata kwa kuuza kitenge.

Nyota zangu: ya kwanza moja, na hiyo moja ni ya usafi wa jengo. Ya pili nne. Ya tano nitawapa siku watakayoacha kuita watu kwa jina la kipimo chao, na wakitusogezea meseji majibu yakiwa tayari. Ukienda peleka sampuli Jumatatu au Jumanne asubuhi, usiende Alhamisi kama mimi. Usijioshe ndani siku hiyo, na kama uko kwenye dozi ya antibayotiki waambie kabla hawajachukua.

Mdogo wangu yuko Tukuyu, ana wiki 34. Nimeshamwambia Jumatatu ya wiki ya 36 apande kosta ya kwanza, atalala kwangu mpaka majibu yatoke, na peni nyekundu nimeshamnunulia, iko kwenye mkoba wangu.